Wananchi, Tusome Maisha ya Wacheza Raga

Ndugu wananchi, vipo vitabu vichache ambavyo ningependa viingie majumbani mwenu. Ni tawasifu, maisha ya watu yaliyosimuliwa na wao wenyewe, na wenye maisha hayo ni wacheza raga.

Siyo raga ya wachezaji saba kila upande, ile iliyoipa Kenya ubingwa kule Singapore mwaka 2016. Wala siyo ile ya wachezaji 15. Nasema raga ya wachezaji 13, inayochezwa zaidi kaskazini mwa Uingereza, Australia, New Zealand na Papua New Guinea, ambayo wengi wetu hatujapata kuiona hata mara moja.

Mtaniuliza: mchezo tusioucheza, wa watu tusiowajua, unatuhusu nini? Ni swali la haki, nami nitalijibu kabla sijataja kitabu hata kimoja.

Raga hii ilizaliwa kwa ajili ya ujira. Katika miaka ya 1890, miji ya kaskazini mwa Uingereza kama Leeds, Wigan, Huddersfield na Hull ilijaa watu wa machimbo ya makaa ya mawe, wa viwanda vya nguo na wa bandari. Hao ndio waliocheza raga. Kazini walikwenda hadi Jumamosi, na aliyeacha kazi ili akacheze alikatwa ujira wake. Klabu zao zikaomba jambo moja: ziruhusiwe kumfidia mchezaji kile alichokikosa kazini. Wakuu wa mchezo wakati huo hawakukubali, kwani walitaka raga ichezwe bila malipo ya aina yoyote.

Basi tarehe 29 Agosti 1895 wawakilishi wa klabu hizo wakakutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na kuunda chama chao. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 ili mpira upate nafasi ya kutembea. Mwaka 1908 ligi ya mchezo huo ikaanza pia Sydney, Australia, na huko nako ukapendwa katika mitaa ya wafanyakazi.

Mmeona ulipoanzia? Ulianzia kwenye swali ambalo kila mama na kila baba amewahi kujiuliza alfajiri: nikienda huku, unga utanunuliwa na nini? Mtu aliyelelewa na mchezo wa namna hiyo, akiketi kuandika maisha yake, hawezi kuandika makombe pekee. Ataandika kazi, ataandika nyumba, ataandika mwili unaouma na watu waliomshika mkono. Hayo tunayajua sote, iwe tunaishi Tandale au Kisumu, Bukavu au Bujumbura.

Kitabu cha kwanza ninachokiombea nafasi ni Too Many Reasons to Live cha Rob Burrow, kilichotoka mwaka 2021. Kama mtasoma kimoja tu, kiwe hiki.

Burrow alizaliwa Pontefract, katika Yorkshire, mwaka 1982. Urefu wake ulikuwa sentimita 165. Katika mchezo ambao wapinzani wengi wana kilo 100 na zaidi, na kazi yao ni kukuangusha chini, yeye mara nyingi alikuwa mdogo kuliko wote uwanjani. Tangu utotoni aliambiwa kwamba mwili wake hautoshi. Huyo huyo akaichezea Leeds Rhinos kuanzia 2001 hadi 2017, karibu mechi 500, akatwaa ubingwa wa ligi kuu mara nane. Mwaka 2007 na tena 2011 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali.

Wazazi, walimu, makocha, hapo tusimame kidogo. Ni watoto wangapi tunaowaacha pembeni wakati wa kupanga timu kwa sababu ya kimo? Hatukusudii kuwaumiza. Macho yetu yamezoea kupima haraka, basi. Kama nyumbani mwako yupo mtoto wa namna hiyo, soma naye sura za utoto wa Burrow, kisha mwache aseme yeye amejionaje humo.

Lakini si kimo kilichonifanya nikipe kitabu hiki nafasi ya kwanza. Desemba 2019, miaka miwili tu baada ya kustaafu, akiwa na umri wa miaka 37, Burrow aliambiwa na madaktari kwamba ana ugonjwa unaoziua polepole neva zinazoiendesha misuli. Mgonjwa huishiwa nguvu za mikono na miguu, kisha hushindwa kusema, kumeza na kupumua, ilhali mara nyingi akili yake ingali timamu. Ni maradhi ya namna ile iliyompata mwanasayansi Stephen Hawking, na dawa ya kuyaponya haijapatikana. Burrow alikuwa na mke, Lindsey, ambaye walipendana tangu wakiwa vijana wadogo, na watoto watatu, kitinda mimba akiwa bado mdogo sana.

Januari 2020, wiki chache baada ya kupewa habari hizo, aliingia tena uwanjani Leeds kwa dakika za mwisho za mechi ya kumuenzi mwenzake. Uwanja ulijaa. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwake kuvaa jezi ile na kucheza.

Kitabu kilipotoka, sauti yake ilikuwa imekwisha kutoweka. Alizungumza kwa mashine inayofuata mwendo wa macho yanapopita juu ya herufi, nayo ikatamka kwa sauti iliyotengenezwa kutokana na rekodi zake za zamani. Mwandishi Ben Dirs alimsaidia kuyapanga maneno. Humo utakuta mpira, utakuta maradhi, na utamkuta mkewe, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyeendelea kuwahudumia wagonjwa wa watu huku na wa kwake akimngoja nyumbani.

Ndugu zangu, ni nyumba ngapi kati ya zetu zina mtu aliyepooza, bibi aliyesahau majina ya wajukuu, kijana aliyeumia kwenye bodaboda na sasa analala tu? Tunawapenda sana. Tunawalisha, tunawaogesha, tunawageuza usiku. Ila mara nyingine tunaacha kuzungumza nao. Tukienda kumjulia hali mgonjwa, tunamuuliza anayemhudumia, "Anaendeleaje?" na mwenyewe yupo pale pale, anasikia kila neno.

Ukisoma kitabu cha Burrow utaketi upande ule wa kitanda ambao yeye ndiye aliyelala. Ukitoka hapo, ziara yako ijayo haitafanana na ya jana. Mwamkie mgonjwa kwanza. Muite kwa jina lake au kwa jina la mwanawe, kama alivyozoea kuitwa. Msubiri ajibu, hata kama jibu ni kufumba jicho moja. Jambo hilo halimgharimu mtu hata shilingi.

Burrow alifariki tarehe 2 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 41. Siku iliyofuata, kama familia yake ilivyotaka, ujenzi wa kituo cha kuwahudumia wenye maradhi hayo ulianza Leeds. Kituo hicho kina jina lake.

Kitabu cha pili msikitenganishe na hicho. Ni The Extra Mile cha Kevin Sinfield, kilichotoka mwaka 2023. Sinfield alikuwa nahodha wa Burrow pale Leeds kwa miaka mingi. Alipopata habari za mwenzake hakuwa daktari wala hakuwa na dawa. Alikuwa na miguu, na watu waliomwamini. Burrow alivaa jezi namba 7, kwa hiyo Desemba 2020 Sinfield alikimbia marathoni saba kwa siku saba mfululizo, akaomba zichangwe pauni 77,777. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 2.

Mwaka uliofuata alikimbia maili 101, zaidi ya kilometa 160, katika muda wa saa 24. Mei 2023, katika marathoni ya Leeds iliyopewa jina la Burrow, alimsukuma rafiki yake kwenye kiti cha magurudumu tangu mwanzo wa mbio. Walipoukaribia mstari wa mwisho alimwinua, akambeba mikononi, wakauvuka pamoja.

Sisi ni watu wa kuchangiana. Tuna harambee, tuna vikundi vya kufa na kuzikana, tuna makundi ya simu ambako mtu akiugua, jina lake na namba ya kutumia fedha huzunguka kabla jua halijazama. Kwa hilo Sinfield hana jipya la kutufundisha. Kilichonigusa mimi ni kwamba alirudi. Alirudi mwaka wa pili, na wa tatu, na baada ya hapo, wakati habari zilikuwa zimepoa na wengine wamekwisha kuhamia mambo mengine.

Je, yule mwenzenu wa ofisini mliyemchangia mwaka juzi alipofanyiwa upasuaji, mnajua yu hali gani leo? Kama hamjui, si dhambi. Maisha yana mbio nyingi. Lakini mnaweza kupanga zamu. Wafanyakazi sita tu, kila mmoja akipita kwa mgonjwa Jumamosi moja, wiki sita zitapita bila mgonjwa kuachwa peke yake. Zamu ikiisha, inaanza upya.

Sasa twende Australia, kwa Arthur Beetson.

Alizaliwa mwaka 1945 katika mji mdogo uitwao Roma, jimbo la Queensland. Kwa asili alikuwa Mwaborijini, wa watu waliokuwepo katika nchi ile maelfu kwa maelfu ya miaka kabla ya meli za Waingereza kufika. Tawasifu yake, Big Artie, ilitoka mwaka 2004, naye mwandishi wa michezo Ian Heads akashika kalamu pamoja naye.

Beetson alipokuwa kijana anayeanza kujulikana, katiba ya nchi yake ilikuwa bado ina kifungu kinachosema Waaborijini wasijumuishwe katika hesabu ya watu wa nchi. Kifungu hicho kiliondolewa kwa kura ya maoni ya mwaka 1967, na zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walisema ndiyo. Miaka sita baadaye, mwaka 1973, Beetson alikuwa nahodha wa Australia, Mwaborijini wa kwanza kuiongoza timu ya taifa katika mchezo mkubwa.

Hebu zipange tarehe hizo mbili pamoja. Walimu wa historia na wa uraia, nawaomba mzipeleke darasani. Mtoto akisikia "kura ya maoni" peke yake husinzia. Akisikia kwamba yupo mtu mmoja, mrefu na mnene, mwenye mikono laini ya kuutoa mpira hata akiwa ameshikwa na watatu, ambaye watu wake sheria ya nchi haikuwahesabu leo, na kesho akasimama mbele ya wote kuimbiwa wimbo wa taifa, huyo mtoto atauliza swali. Na swali moja la mtoto lina faida kuliko ukurasa mzima alioukariri.

Kuna usiku mmoja katika maisha ya Beetson ambao ningependa uwafikie wote wanaofanya kazi mbali na kwao.

Kwa miaka mingi Queensland na New South Wales zilishindana kila mwaka, na mchezaji alichezea jimbo lenye klabu yake. Klabu za Sydney, huko New South Wales, zilikuwa na fedha zaidi. Vijana wazuri wa Queensland wakaenda Sydney kutafuta riziki, na wakifika huko wakawa wanacheza dhidi ya jimbo walikozaliwa. Queensland ikafungwa mwaka baada ya mwaka, mara nyingi na watoto wake wenyewe. Beetson alikuwa mmoja wao. Alikuwa hajawahi kuichezea Queensland.

Mwaka 1980 ikakubaliwa kujaribu jambo jipya: katika mechi moja, kila mtu achezee jimbo alikoanzia mchezo. Tarehe 8 Julai, katika uwanja wa Lang Park mjini Brisbane, mbele ya watazamaji zaidi ya 33,000, Beetson akaingia uwanjani akiwa nahodha wa nyumbani kwao kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 35, umri ambao wengi wamekwisha kutundika viatu. Queensland ikashinda 20 kwa 10. Jaribio lile la usiku mmoja limekuwa mashindano makubwa ya kila mwaka mpaka leo.

Wangapi kati yetu tunafanya kazi Dar es Salaam, Nairobi, Muscat, Dubai au Toronto, na kijiji kilichotulea kina uwanja wa shule usio na magoli? Hakuna anayekudai. Ila pengine una jioni moja ya likizo. Ukienda kuwaona wazee, pita shuleni ulikosoma. Wafundishe watoto hesabu, au useremala, au kupiga mpira wa adhabu, kile unachokijua. Beetson alikuwa amepita umri wa ubora wake alipokwenda, na bado walimhitaji.

Alifariki mwaka 2011, akiendesha baiskeli. Nje ya uwanja ule wa Brisbane imesimamishwa sanamu yake.

Aliyekuja baada yake katika jimbo hilo hilo ni Johnathan Thurston, ambaye tawasifu yake ilitoka mwaka 2018. Naye ana damu ya Kiaborijini kwa upande wa mama, naye aliambiwa ni mdogo mno. Vijana watapenda fainali ya mwaka 2015, ambayo timu yake ya North Queensland ilishinda 17 kwa 16 katika muda wa nyongeza kwa teke lake mwenyewe. Mimi napenda zaidi jambo la mwaka 2004. Alikuwa chipukizi wa timu ya Bulldogs, akapata nafasi ya kucheza fainali kwa kuwa nahodha Steve Price alikuwa ameumia. Wakashinda. Thurston akaichukua pete yake ya ubingwa akampa nahodha wake.

Akina baba, simulieni hilo kwa vijana wenu siku mnapozungumza nao habari za kazi. Kijana anayeingia kazini kwa sababu mkubwa wake ameugua anaweza kufanya nini ili mkubwa yule asijione amesahauliwa? Waulizeni, muwasikilize.

Katika timu hiyo hiyo ya 2004 alikuwemo kijana mwingine, Sonny Bill Williams wa New Zealand, mwenye baba Msamoa. Kitabu chake, You Can't Stop the Sun from Shining, kilitoka mwaka 2021 kwa msaada wa mwandishi Alan Duff. Umaarufu ulimfikia kabla hajawa mtu mzima, ukamyumbisha, na baadaye akasilimu. Jason Robinson wa Leeds, ambaye kitabu chake Finding My Feet kilitoka 2003, alijiunga na Wigan akiwa kijana, akaingia katika ulevi, akatolewa humo na imani ya Kikristo aliyoiona kwa mchezaji mwenzake Msamoa, Va'aiga Tuigamala. Nyumba ya Waislamu inaweza kuanza na kimoja na nyumba ya Wakristo na kingine, kisha mkabadilishana. Majirani wengi wetu tayari hubadilishana sahani za pilau na za Krismasi. Kuongeza kitabu juu ya sahani si kazi kubwa.

Kuna tawasifu nyingine za mchezo huu zilizojaa pombe, ugomvi na mambo ya aibu. Sizitaji, maana hazifai kusomwa mezani watoto wakiwepo. Hata hivi nilivyovitaja vina maneno makali hapa na pale, kwa hiyo mzazi na asome kwanza.

Kimebaki kimoja cha zamani. Kinaitwa Rugby Renegade, cha Gus Risman, kilichapishwa mwaka 1958, na kukipata leo ni mpaka kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu. Risman alizaliwa Cardiff mwaka 1911, katika mtaa wa bandari wa Tiger Bay, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Latvia. Mtaa huo ulipokea mabaharia wa Somalia, Yemen, Afrika Magharibi na visiwa vya Karibea. Msomaji wa Mombasa au Unguja hatahitaji kuelezwa mtaa wa bandari ulivyo.

Enzi hizo, aliyetoka raga ya wachezaji 15 akaenda kulipwa katika ile ya 13 alifungiwa maisha na wale aliowaacha. Ndiyo maana Risman akakipa kitabu chake jina la aliyeasi. Alicheza tangu 1929. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 41, kocha na mchezaji kwa wakati mmoja, aliiongoza Workington Town kutwaa kombe katika uwanja wa Wembley. Workington ulikuwa mji mdogo wa makaa na chuma, na klabu yenyewe ilikuwa na miaka saba tu tangu iundwe. Wazee wenzangu mnaoanza kujiona hamna kazi tena mtaani, mtafuteni Risman.

Kutoka Tiger Bay hiyo hiyo alitoka pia Billy Boston, mwana wa baba wa Sierra Leone na mama wa asili ya Ireland, aliyefunga trai, yaani mabao ya raga, zaidi ya 500. Mwaka 2025, akiwa na miaka 90, alikuwa wa kwanza katika mchezo huu kupewa heshima ya kuitwa Sir. Ilichukua miaka 130 tangu ule mkutano wa Huddersfield.

Najua mnalosema sasa. Vitabu hivi ni vya Kiingereza, na ni vya ng'ambo. Tutavipataje, na nani atavisoma?

Mlioko Uingereza na Australia, hapa ndipo mnapohitajika. Katika miji mnayoishi yako maduka ya misaada ambako kitabu kilichokwisha kusomwa huuzwa kwa bei ndogo, na tawasifu za wanamichezo hujaa kwenye rafu zake. Mkija likizo, wekeni kimoja ndani ya begi kati ya zawadi za watoto. Kikimaliza kuzunguka nyumbani, kipelekwe maktaba ya shule au ya wilaya. Nasi tulioko huku tuwaombe wakutubi wetu waviagize. Msomaji mmoja akiuliza husahaulika, wakiuliza kumi jina la kitabu huandikwa. Wenye simu zinazofungua vitabu wanaweza kununua nakala ya simu.

Kuhusu lugha, karibu kila nyumba sasa ina kijana wa sekondari. Mpeni kitabu asome sura moja kwa wiki. Jioni, mboga ikiwa motoni, aisimulie kwa Kiswahili. Asisome kwa sauti akitafsiri neno kwa neno. Hapana, asimulie, kama tulivyosimuliwa na babu zetu. Ataifahamu sura ile mara mbili, na bibi yake aliyeketi kwenye mkeka atamfahamu Burrow vizuri kuliko maprofesa. Karakana, saluni na vijiwe vya bodaboda vinaweza kufanya hivyo hivyo. Mnakaa pale saa nyingi mkisubiri wateja. Kwa nini asiwepo mmoja wa kuleta sura ya wiki?

Na wachapishaji na watafsiri wetu, nawaomba mkitazame kitabu cha Burrow. Kingekaa vizuri sana kwa Kiswahili.

Ombi langu la mwisho ndilo kubwa zaidi. Mmeona kwamba vitabu kadhaa nilivyovitaja vilikuwa na watu wawili: mmoja mwenye maisha, mwingine mwenye kalamu. Jambo hilo si geni kwetu. Shaaban Robert aliandika maisha yake mwenyewe, ya mtumishi wa serikali aliyehamishwa huku na huku na mtu wa familia, na kitabu hicho bado kinasomwa. Huyo huyo aliketi na Siti binti Saad, mwimbaji asiyejua kusoma wala kuandika, akamsikiliza na kutuachia wasifu wake. Kama asingekwenda kuketi naye, tungejua nini leo juu ya yule mama wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu?

Sasa tazameni mtaani kwenu. Yupo mzee aliyewahi kulinda lango la timu ya mkoa. Yupo mama aliyekimbia mita 800 kwa miguu mitupu akaleta medali. Yupo bondia wa zamani ambaye sasa ni mlinzi wa usiku. Mtanzania Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, maisha yake yamo kitabuni, tena kwa Kiingereza. Hao wengine je? Picha zao ziko kwenye fremu zilizoliwa na mchwa, na yale wanayoyakumbuka yamo vichwani mwao tu.

Huhitaji kuwa mwandishi. Chukua simu yako, fungua kinasa sauti, nenda na sukari au muhogo kama mgeni anavyoenda. Muulize alikula nini siku ya mechi, nani alimnunulia viatu, alimwambia nini mwajiri wake ili apate ruhusa, na siku alipoacha kucheza aliamkaje kesho yake. Usimkatishe. Andika tarehe na mahali, hifadhi nakala mbili, moja umpe mjukuu wake. Walimu wa Kiswahili wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo badala ya insha ya kubuni.

Basi ndugu zangu, mtafuteni Burrow kwanza. Na kabla mwezi huu haujaisha, nendeni mkabishe hodi kwa mchezaji mzee aliye karibu nanyi, mumwombe awasimulie tangu mwanzo.